Njiwa wa mbio: jicho moja linalia na limepata ukungu. Ni mafua, ndui au nini?

#1 MzeeWaPaa
Habari za humu wafugaji. Nina njiwa 34 wa mbio juu ya paa hapa Mabibo, Dar. Tuko wanne tunaoshindana wenyewe kwa wenyewe, na Jumamosi tuliwapeleka Chalinze, kilomita mia hivi kwa barabara, tukawaachia saa moja asubuhi. Wangu walirudi wote kabla ya saa tano isipokuwa dume moja la bluu lenye madoa. Huyo aliingia Jumapili jioni. Jicho la kushoto limefumba nusu, manyoya ya shavuni yamelowa na kugandana kama katoka kuoga. Asubuhi nikakuta tongotongo la rangi ya maziwa kwenye kona, na ule utando wa ndani umepanda mpaka katikati ya jicho. Anakula, ila akidonoa punje anaikosa, mpaka arudie.

Leo Jumatano jike lake naye jicho moja linalia. La kulia.

Duka la dawa za mifugo wamenipa matone ya macho ya binadamu, wakasema ni mafua tu. Nimeweka siku mbili. Wekundu umekwisha kabisa, lakini sasa naona ukungu juu ya mboni. Niendelee au niache? Natanguliza shukrani.

#2 NgojaNiulize
Naweka kituo hapa. Wajuzi waje.

#3 KinyoziWaTandika
Mafua hayo, usihangaike. Kalala nje usiku mzima, umande umempiga. Mpe OTC ya kuku (ile antibiotiki ya oksitetrasaiklini) kwenye maji siku tatu, ya nne utamwona yuko kwenye nyaya za umeme.

#4 AfisaMifugoMstaafu
Mzee wa Paa, simamisha hayo matone sasa hivi kabla hujasoma mengine. Chukua kichupa, angalia maandishi madogo. Ukiona neno deksamethasoni au prednisoloni, yaani steroidi, weka pembeni. Hizo dawa zinaondoa wekundu na uvimbe haraka sana, ndiyo maana watu wanazipenda. Lakini kama konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, ina mkwaruzo au kidonda, zinakizuia kisipone na zinawafungulia mlango wadudu. Jicho linapendeza kwa siku mbili, kisha linaingia ukungu, na mwisho linatoboka. Ulivyoeleza, "wekundu umekwisha lakini ukungu umekuja", ndicho kilichonishtua.

#5 MzeeWaPaa
Nimesoma. Deksamethasoni ipo, imeandikwa pamoja na neomisini. Daah.

#6 AfisaMifugoMstaafu
Acha. Leo osha tu kwa maji ya chumvi: nusu lita ya maji yaliyochemka yakapoa, na kijiko cha chai kimoja cha chumvi, kilichosawazishwa, siyo mlima. Tumia kipande cha pamba kwa kila jicho, usirudie kile kile. Kisha tafuta mganga wa mifugo mwenye ile rangi ya kupimia konea. Ni tone la rangi ya machungwa ambalo likigusa kidonda linang'aa kijani chini ya taa ya buluu. Dakika moja tu, unajua kama kuna mkwaruzo au hakuna.

Na mwambie Kinyozi "mafua" siyo ugonjwa. Ni kama kusema "homa".

#7 KinyoziWaTandika
@AfisaMifugoMstaafu shikamoo mzee. Mimi nimefuga tangu 1998, njiwa wangu wakilia jicho nawapa OTC wanapona. Kitabu siwezi kukusomea, lakini wanapona.

#8 AfisaMifugoMstaafu
Marahaba. Wanapona, au machozi yanakauka? Hayo ni mawili. Hebu tuambie, yule aliyepona hajawahi kurudia?

#9 KinyoziWaTandika
Wanarudia. Lakini na mimi mafua yananirudia kila masika, sijawahi kuitwa sugu.

#10 MkunaziniUnguja
Salaam. Hapa kwetu tunafuga njiwa manga tokea enzi za babu zetu, na swali la kwanza huwa moja tu: jicho moja au mawili? Likilia moja, fikiria kitu kimemwingia, kapigwa na mwenzake, kagonga waya, au ule ugonjwa wa jicho moja. Yakilia mawili kwa pamoja, inusa banda kwanza kabla hujamnusa njiwa.

#11 MlaKunde
Kuinusa vipi sheikh?

#12 MkunaziniUnguja
Ingia bandani alfajiri kabla hujafungua madirisha, uiname mpaka pua iwe usawa wa sakafu, pale anapolala kinda. Usiiname kwa haraka haraka kama mtu anayetafuta senti. Kaa hapo, vuta pumzi mara kumi. Ukihisi kitu kinauma puani na macho yako yanaanza kulowa, basi na wao wanalia kwa hicho hicho. Kinyesi kilichorowa mvua hutoa amonia, nayo huwa kali zaidi chini karibu na kinyesi chenyewe. Wewe unasimama juu unasema hewa safi, wao wanalala ndani yake usiku kucha.

#13 MzeeWaPaa
Banda langu lina sakafu ya wavu, kinyesi kinaanguka chini. Sidhani. Na ni jicho moja moja, siyo mawili.

#14 Mbongo_Antwerpen
Nawasalimu kutoka Ubelgiji. Huku mbio za njiwa ni kama bao kwa wazee wetu, na mtaani kwangu kuna babu ana miaka 80 na ushee ananifundisha. Jicho moja linalolia, tongotongo, ndege anakuna jicho kwenye bega, puani yale manundu meupe yanakuwa ya kijivu badala ya kuwa kama yamepakwa unga: huku wanashuku bakteria wa klamidia moja kwa moja, au wa mikoplazma, au vyote kwa pamoja. Inajificha ndani ya ndege mzima wa afya, kisha unampeleka mbio ndefu, anachoka, anasafirishwa kwenye kreti moja na wa watu wengine, inalipuka. Mzee wa Paa, mliwasafirisha kreti moja?

#15 MzeeWaPaa
Kreti mbili, tumechanganya wote wanne. Na maji tulitumia chombo kimoja.

#16 Mbongo_Antwerpen
Basi waulize wenzako watatu leo.

#17 NgojaNiulize
Samahani, klamidia si ule ugonjwa wa... zinaa? Dume na jike lake, wote wawili. Nauliza tu 😂

#18 KinyoziWaTandika
😂😂😂 Mzee wa Paa nyumba yako ina mambo. Dume kalala nje Jumamosi, karudi Jumapili na jicho.

#19 AfisaMifugoMstaafu
Ni ndugu yake, siyo yeye. Ile ya binadamu ya zinaa ni Chlamydia trachomatis, na hiyo hiyo ndiyo inaleta trakoma, ugonjwa wa macho ambao mikoa kavu ya kwetu inaujua vizuri. Ya ndege ni Chlamydia psittaci. Njiwa huipata kwa vumbi la kinyesi kilichokauka, machozi na makamasi, na kinda hupewa na mzazi wakati wa kulishwa.

Lakini msicheke sana, kwa sababu hiyo ya ndege inaingia na kwa mtu. Mnafagia banda kavukavu, vumbi linapaa, mnalivuta. Nyunyizeni maji kwanza, na mfunge pua.

#20 SeebMuscat
Hilo la mwisho nalishuhudia. Miaka sita nyuma nilikuwa na njiwa nyumbani hapa Seeb, nikapata homa, kichwa kinauma hadi nahisi mwanga wa simu ni adui, kikohozi kikavu. Siku tisa. Malaria hakuna, mafua ya kawaida hakuna. Daktari wa nne ndiye aliyeniuliza, "Unafuga ndege?" Nikamwambia nina njiwa 60. Akaweka kalamu chini. Nikapewa doksisaiklini, siku ya tatu nimekaa kitandani naomba biriani.

Tangu siku ile nikienda hospitali na homa, neno la kwanza nasema "nafuga njiwa", hata kabla ya jina.

#21 MamaMakinda
Pole @SeebMuscat. Mimi nipo Tanga, nafuga wa kawaida tu siyo wa mbio, lakini macho nimeyaona ya kila namna. Mwulizeni mwenye uzi kama kuna vipele. Sasa hivi ni Mei, masika haijaisha, mbu ni wengi. Ndui ya njiwa inaanza hivyo hivyo: jicho linalia, kope inavimba, siku mbili tatu unaona kipele kama punje ya mtama kwenye ukingo wa kope, au juu ya mdomo, au mguuni pasipo na manyoya. Kinageuka kigaga cha kahawia. Jicho linafungwa kabisa na kigaga.

Mwaka juzi makinda saba. Jirani akaniambia bandua vigaga upake dawa. Nikabandua vya wawili, damu ikatoka, wakazidi, mmoja akafa. Watano niliowaacha, nikawa nalainisha tu kwa maji ya uvuguvugu na mafuta ya mgando, nawalisha kwa mkono kwa sababu hawaoni chakula. Vigaga vilidondoka vyenyewe wiki ya nne. Macho mazima.

#22 MzeeWaPaa
Vipele sijaona mama. Nimeangalia kope zote kwa tochi.

#23 AfisaMifugoMstaafu
Ahsante MamaMakinda, umesema yote. Naongeza mawili. Ndui ni virusi, antibiotiki haimgusi kirusi, inazuia tu usaha wa juu yake. Na hakikisha unafungua mdomo: kuna ndui ya ndani, utando wa manjano kooni, na hiyo ndiyo inaua. Lakini utando wa manjano mdomoni unaweza pia kuwa trikomona, ule ugonjwa ambao wazee huita koo la jibini, na huo nao ukipanda kwenye matundu ya pua unasukuma jicho litoke nje. Ndiyo maana nasema, njiwa akiumwa jicho, angalia mdomo.

#24 KijanaWaKisauni
Hapa Mombasa kuna jamaa alichanja njiwa zake na chanjo ya ndui ya kuku. Zikapata ndui vilevile.

#25 AfisaMifugoMstaafu
Kirusi cha kuku na cha njiwa ni jamaa lakini si mmoja, chanjo ya kuku haimkingi njiwa vya kutosha. Ya njiwa ipo: unang'oa manyoya machache ya paja, unapaka kwa kaburashi kadogo pale kwenye vitundu. Kwetu si rahisi kuikuta dukani.

#26 MlaKunde
Wakuu mnaruka mbali. Mwulizeni anawalisha nini.

#27 MzeeWaPaa
Mahindi meupe ya kupasua, mtama, ngano kidogo, choroko nikipata. Changarawe na mfupa wa dome, yule jamaa ya ngisi, naokota Kunduchi.

#28 MlaKunde
Ndiyo hapo. Mahindi meupe hayana ile rangi ya manjano ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Vitamini A ikipungua, ngozi laini ya ndani ya kope inakauka, machozi hayasafishi, kitu kama jibini kinajikusanya chini ya kope. Weka mahindi ya njano, mchicha uliokatwa, karoti ya kukwaruza. Jina langu humu ni utani, lakini hili silitanii.

#29 KinyoziWaTandika
Mahindi ya njano Dar bei yake umeiona? Bora njiwa avae miwani.

#30 AfisaMifugoMstaafu
MlaKunde yuko sahihi kwa sayansi, lakini upungufu wa chakula ungepiga banda zima taratibu, siyo dume moja aliyelala nje Jumamosi kisha mkewe Jumatano. Mchicha apewe tu, hauna hasara.

#31 MlaKunde
Mzee, na ndege mwenye upungufu ndiye anayeshikwa kwanza na hiyo klamidia yenu. Siyo ama hiki ama kile.

#32 AfisaMifugoMstaafu
Hilo nakubali.

#33 KijanaWaKisauni
Mimi yangu ilikuwa kitu kingine kabisa na hakuna aliyeitaja. Nilikuwa na jike anakuna jicho kutwa, analia, nimempa dawa zote mlizotaja. Siku moja nimemshika mchana juani, nikavuta ule utando wa ndani kwa ncha ya kijiti cha pamba. Jamani. Kuna kitu kimepita chini yake, cheupe, chembamba kama uzi wa kushonea, kikajikunja kikarudi ndani. Nikamwachia njiwa, akaniponyoka, nikakaa chini.

Daktari wa mifugo alimtia dawa ya ganzi kwenye jicho, akavitoa kwa kibano. Vilikuwa kumi na moja. Akaniambia ni minyoo ya jicho, mayai yake yanapita kwa mende, kuku na ndege wakila mende ndiyo wanapata.

#34 NgojaNiulize
Nimeacha kula.

#35 MkunaziniUnguja
Ni kweli, hao wapo, na zaidi kwa kuku. Si kila mende lakini, ni yule wa kahawia anayejichimbia kwenye udongo na takataka. Mwenye banda juu ya paa kama Mzee wa Paa ana nafasi ndogo. Ila viroboto vya kuku navyo angalia: vinajibana kwenye ngozi kuzunguka jicho kama mbegu za ufuta, havitoki hata ukivuta. Hivyo ni mafuta ya mgando tu, unavipaka vinakosa pumzi.

#36 MzeeWaPaa
Nimekata kope zote, utando nimevuta, mdomo nimefungua. Hakuna mnyoo, kiroboto, wala utando wa manjano kooni. Nimemulika tochi: jicho zima mboni inasinyaa, la ugonjwa haisinyai. Ina maana ni kipofu tayari?

#37 MamaMakinda
Umekata kope?? 😳

#38 MzeeWaPaa
Nimekagua! Simu hii. NimeKAGUA kope.

#39 KinyoziWaTandika
Uzi umefika pabaya.

#40 AfisaMifugoMstaafu
Ulinipandisha presha. Kuhusu tochi: usiamini sana. Kwa ndege misuli ya mboni si kama yetu, anaikunja na kuikunjua kwa hiari yake. Ndege aliyeshtuka anaweza kuiacha wazi ukimulika, na anaweza kuisinya bila mwanga. Jaribio bora zaidi: mweke sakafuni, tupa punje moja upande wa jicho bovu, kimya kimya, uone kama anageuza kichwa.

#41 MfugajiMpya_Dodoma
Samahani nidandie. Wangu macho yao yote ni meupe, duara lote jeupe katikati doti nyeusi. Tangu nimewanunua. Makinda yao yana macho meusi. Ni ugonjwa?

#42 Mbongo_Antwerpen
Hapana ndugu, hiyo ni rangi tu, huku wanaiita jicho la lulu. Makinda wote huanza na macho ya giza, rangi inakuja wakifika miezi michache. Wengine wanakuwa na chungwa, wengine lulu. Furahia.

Na hapa sijizuii: babu yangu wa huku ana lenzi kama ya sonara, anaangalia duara za ndani ya jicho la njiwa anakwambia huyu wa kilomita 700, huyu wa kuzalisha. Wamegombana kuhusu hilo miaka nenda rudi. Nimemwona akichagua kwa lenzi njiwa wa kwenda mbio za Barcelona, na nimemwona huyo huyo njiwa asirudi.

#43 KijanaWaKisauni
Ndiyo hao wanaonunua njiwa mmoja kwa dola milioni mbili? Armando sijui nani.

#44 Mbongo_Antwerpen
Armando ni wa Machi 2019, aliuzwa euro 1,252,000, na alikuwa dume la miaka mitano, karibu anastaafu. Unayemtaja ni New Kim, jike la miaka miwili, Novemba 2020, euro milioni 1.6. Wote wawili ni Wabelgiji.

#45 KinyoziWaTandika
Milioni 1.6 na jicho likimlia wanampa OTC kama mimi.

#46 Mbongo_Antwerpen
Wanampeleka kliniki, anafutwa tongotongo kwa kijiti, linapelekwa maabara kupimwa vinasaba vya mdudu. Majibu yanakuja, ndiyo dawa inaandikwa. Kama ni klamidia ni doksisaiklini, na siyo siku tatu. Kasuku walikuwa wanapewa siku 45. Kwa njiwa nimeona wiki tatu mpaka nne. Siku tatu unampiga kofi tu mdudu, halafu anakukumbuka.

#47 AfisaMifugoMstaafu
Sahihi. Na hapa wafugaji wengi wanapoteza hela: dawa za jamii hiyo, OTC ikiwemo, zinashikana na chokaa tumboni na kutoka nayo. Mzee wa Paa anatia dawa kwenye maji huku mfupa wa dome na changarawe vipo pembeni, njiwa anakula dome anakunywa dawa, dawa inaishia kwenye kinyesi. Ondoa vyote viwili muda wa dawa. Chombo kiwe cha plastiki, siyo bati, kikae kivulini, maji yabadilishwe kila siku. Majike yanayotaga usiyaanzishie bila kushauriana, ganda la yai linahitaji hiyo chokaa. Kipimo ni cha daktari atakayemwona ndege, mimi simwoni.

#48 KinyoziWaTandika
Hilo la dome sikulijua. Miaka 27.

#49 MkunaziniUnguja
Nami sikulijua, wallahi. Siku zote naweka.

#50 BabuWaBao
Maziwa ya mama mwenye mtoto mchanga. Matone mawili. Wazee walitumia.

#51 MamaMakinda
Babu, na huyo mama utamwambiaje? "Shemeji naomba kikombe, njiwa wangu anaumwa"?

#52 BabuWaBao
Wangu alikubali. Aliuliza tu kama njiwa ana bima.

#53 MlaKunde
😂😂

#54 AfisaMifugoMstaafu
Maji ya chumvi yanatosha Babu. Asali, kitunguu, chai ya rangi, tuviache jikoni.

#55 MzeeWaPaa
Mrejesho mfupi. Nimewapigia wenzangu watatu. Mmoja ana njiwa wawili jicho moja linalia, alikuwa kanyamaza asije akachekwa. Mwingine hana hata mmoja. Wa tatu anasema dume langu aliliona Jumapili saa nne juu ya mnazi Kibamba linakimbizwa na mwewe.

#56 MkunaziniUnguja
Aha! Mwewe. Basi huenda ni kucha, au kajipiga kwenye kuti akikwepa. Ncha ya kuti ni sindano.

#57 Mbongo_Antwerpen
Na jike? Jike hakufukuzwa na mwewe.

#58 MkunaziniUnguja
Jike na wale wawili wa mwenzake ni la kreti. Dume ni la mwewe. Magonjwa mawili uzi mmoja.

#59 KinyoziWaTandika
Na mimi wa tatu: mafua.

#60 MzeeWaPaa
Leo nimempeleka kwa mtaalamu. Katia ile rangi. Konea ya dume imewaka kijani, mstari mmoja mwembamba kutoka juu kwenda pembeni, kama mtu kapitisha wembe, na kidimbwi kidogo katikati. Kasema mkwaruzo upo, na yale matone ndiyo yaliuchimba. Kanipa mafuta ya jicho ya tetrasaiklini asilimia 1, yale ya kawaida ya binadamu bila steroidi, mara tatu kwa siku. Jike hana mkwaruzo. Huyo kafutwa kijiti kwa ajili ya maabara. Hela ya kipimo tumechanga wawili, mimi na yule aliyenyamaza.

Wote nimewatenga chumba cha stoo. Mama watoto kauliza nitahamia lini na mimi.

#61 MfugajiMpya_Dodoma
Dume akipona na chongo anaweza kuruka mbio tena?

#62 SeebMuscat
Jicho la njiwa liko ubavuni mwa kichwa. Macho mawili anaona karibu mzunguko wote, pembe ya nyuzi 340 hivi. Ukitoa moja unatoa upande mzima wa dunia, na mwewe hatokei upande unaoona. Kuzalisha sawa, kuruka mimi simwachii.

#63 Mbongo_Antwerpen
Kuna utafiti wa watu wa Bochum, Ujerumani, waliwaziba njiwa jicho moja kisha wakawaachia mbali na nyumbani. Waliobakishiwa jicho la kulia walijielekeza vizuri kuliko waliobakishiwa la kushoto. Jicho la kulia linapeleka habari ubongo wa kushoto. Dume la Mzee wa Paa limeumia la kushoto, kwa hiyo amebaki na la kulia.

#64 KinyoziWaTandika
Kumbe kaongezewa thamani! Mzee tangaza: dume, chongo la upande mzuri, linauzwa.

#65 MamaMakinda
Ukipenda chongo huita kengeza. Ndiyo Mzee wa Paa huyu.

#66 KijanaWaKisauni
Yule njiwa wa Wamarekani wa vita vya kwanza, Cher Ami, si alirudi na jicho moja na mguu mmoja? Oktoba 1918. Jike lile.

#67 AfisaMifugoMstaafu
Aliokoa kikosi kilichozingirwa Argonne, ndiyo. Mguu una uhakika, kakaushwa yupo makumbusho ya Smithsonian kwa mguu mmoja. Na si jike, walimpima vinasaba ikaonekana dume. Tumetoka nje ya mada.

#68 NgojaNiulize
Usiondoke mzee, hapa ndipo pametamu.

#69 MzeeWaPaa
Mrejesho, wiki ya nne. Majibu ya jike yalikuja: klamidia imeonekana. Amekula doksisaiklini siku 25, dome na changarawe nje, mchicha kila siku, na mahindi ya njano nimenunua kilo tano kwa roho inayouma. Macho makavu. Wale wawili wa mwenzangu nao wamekauka, ila yeye hakuwapa mahindi ya njano wala mchicha.

Dume: kidonda kimefunga. Kimebaki chamba cheupe kama punje ya mchele, chini kidogo ya mboni. Nimetupa punje upande huo kimya kimya kama mzee alivyosema. Mara mbili hakugeuka, ya tatu kageuka. Sijui kaona au kasikia.

#70 MlaKunde
Mahindi ya njano hayo.

#71 Mbongo_Antwerpen
Klamidia imeonekana na bado unasema mahindi?

#72 MlaKunde
Naye alikuwa nayo muda wote. Kwa nini ilipuke sasa?

#73 Mbongo_Antwerpen
Kreti.

#74 MkunaziniUnguja
Na dume alipimwa klamidia? Hapana. Basi mwewe wangu bado yumo.

#75 KinyoziWaTandika
Macho yamekauka, yalikuwa yanalia. Jina la kitu hicho kwa Kiswahili ni nini jamani? Nasubiri.

#76 MzeeWaPaa
Mtagombana bila mimi. Jumamosi tunaenda Bagamoyo, fupi tu, kila mtu na kreti yake na chombo chake cha maji. Dume analalia mayai, tunamwacha nyumbani. Jike lingine sasa hivi nimeliona linakuna jicho kwenye bega. La kushoto. Machozi hakuna. Nimsubiri mpaka kesho au nimtoe leo?

#77 AfisaMifugoMstaafu
Mtoe leo. Na fungua mdomo.